Kutotolesha Mayai ya Nyoka na Kobe: Kuchagua Tandiko na Kulipimia Maji

Kenge wa majini anapotaka kutaga husubiri mvua zilainishe ardhi, kisha huchimba kichuguu ambacho mchwa bado wanaishi ndani yake, hutaga humo na kwenda zake. Mchwa hawana habari kwamba wamepewa wageni. Wao huona ukuta umetoboka, nao huuziba kama wanavyoziba tundu lolote. Mayai hukaa miezi mingi katika giza lenye joto lisiloyumba na hewa iliyojaa mvuke, ilhali udongo unaoyazunguka haudondoshi hata tone la maji. Anayetotolesha mayai ya wanyama watambaao hufanya kazi ya kukiiga kichuguu hicho ndani ya chombo cha plastiki, na sehemu ngumu ya uigaji huo si joto, kwa kuwa joto husomwa kwenye kipimajoto, bali ni kiasi cha maji kilichomo katika tandiko.

Kwa neno tandiko nakusudia kitu chochote ambacho mayai hulazwa juu yake au kufukiwa nusu ndani yake wakati yakisubiri kuanguliwa: mchanga, chembe za madini, vumbi la makumbi na kadhalika. Maelezo haya ni kwa watu wanaofuga kwa kibali, katika mashamba ya nyoka, vituo vya kobe na maabara. Nchini Tanzania wanyamapori na mayai yao wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na nchini Kenya kuna sheria kama hiyo ya mwaka 2013. Kuokota mayai ya chatu, kobe au kasa porini na kuyapeleka nyumbani bila kibali ni kosa, hata nia ikiwa njema. Mayai ya kasa hasa yaachwe ufukweni, na kama bahari inayatishia, waitwe watu waliofunzwa kuyahamisha.

Tazama ganda kwanza

Wengi wetu tuliingia katika kazi hii tukitokea kwenye ufugaji wa kuku, na mazoea ya kuku ndiyo huleta hasara ya kwanza. Yai la kuku lina ganda gumu na akiba yote ya maji ambayo kifaranga atahitaji; linapoatamiwa hupoteza maji, takriban asilimia 12 ya uzito wake, na upungufu huo ni sehemu ya ukuaji wenyewe. Yai la nyoka ni kinyume chake. Ganda lake ni laini kama ngozi iliyolowa, hupitisha maji kwa urahisi, na katika hali nzuri yai hilo hunywa maji kutoka katika tandiko na kuongezeka uzito kadiri siku zinavyopita. Kwa hiyo tandiko la mayai ya nyoka si godoro tu. Ni kisima, na kisima kikikauka yai hurudisha maji liliyokunywa, likabonyea na kiinitete kikafa.

Tofauti nyingine na kuku, ambayo naitaja hapa kwa sababu inahusu namna ya kuyalaza mayai, ni kwamba yai la mtambaazi halina zile kamba mbili za ute zinazoshikilia kiini cha yai la kuku. Katika siku moja au mbili baada ya kutagwa, kiinitete hujishikiza upande wa juu wa ganda. Kuanzia hapo yai halipaswi kugeuzwa. Mashine ya kuku inayogeuza mayai yenyewe lazima izimwe sehemu hiyo ya kugeuza, au isitumike kabisa. Chukua kalamu ya risasi, weka alama ndogo juu ya kila yai kabla ya kulitoa lilipotagwa, na alama hiyo ibaki juu mpaka mwisho.

Nyoka wote wanaotaga, vinyonga wanaotaga, mijusi wengi na kasa wana mayai ya ganda laini. Mamba, kobe wa nchi kavu na mijusi kafiri wa ukutani wana ganda gumu lenye chokaa. Ganda gumu huzuia maji yasiingie wala yasitoke kwa kasi, kwa hiyo mayai hayo huvumilia tandiko kavu zaidi, na baadhi ya mayai ya kobe hupasuka yakiwekwa kwenye tandiko lililolowa mno, kwa kuwa ndani hujaa huku ganda likiwa haliwezi kutanuka. Yai la mjusi kafiri halihitaji tandiko lolote. Mama hulibandika kwenye ufa wa ukuta au nyuma ya fremu ya picha, na huko huanguliwa. (Msomaji anayemfuga kinyonga wa pembe tatu wa nyanda za juu za Kenya asihangaike na makala hii hata kidogo, kwani kinyonga huyo huzaa watoto hai.)

Vitu vinavyofaa, na vingine vinavyouzwa kama vinafaa

Tandiko jema lina sifa tatu: hushika maji mengi bila kuyamwaga, huacha nafasi za hewa kati ya chembe zake, na halina uhai wala chumvi ndani yake. Sifa ya pili husahauliwa mara nyingi. Yai hupumua kupitia ganda, na kiinitete kinapokaribia kuanguliwa huhitaji oksijeni nyingi kuliko mwanzoni. Tandiko lililoshindiliwa likawa kama udongo wa ufinyanzi hulifunga pumzi hata kama maji yake yamepimwa sawasawa.

Vermikulaiti ndiyo ninayoianza nayo kila mara. Ni madini ya jamii ya ulanga, yaani yale yenye tabaka nyembamba zinazong'aa, ambayo yakipitishwa kwenye moto mkali maji yaliyonaswa kati ya tabaka hugeuka mvuke na kuzitanua mpaka kipande kinafanana na mnyoo wenye mikunjo. Madini hayo tunayo karibu: Namekara, mashariki mwa Uganda, kuna machimbo yake, na Phalaborwa nchini Afrika Kusini kuna machimbo makubwa zaidi yanayojulikana kote duniani. Kwenye maduka ya pembejeo huuzwa kwa ajili ya kuotesha miche. Chagua chembe za ukubwa wa kati au kubwa, za milimita 3 hadi 8, kwa sababu iliyosagwa ikawa unga hushikamana na kuziba hewa. Usinunue mfuko uliochanganywa na mbolea. Wauzaji wa pembejeo huona mchanganyiko huo kuwa bora, na kwa miche ni bora kweli, lakini chumvi za mbolea ni adui wa yai. Mwage polepole na ufunike pua na mdomo, maana vumbi lake si zuri kwa mapafu, na mfuko wa zamani usiojulikana ulikotoka usitumike kabisa: vermikulaiti iliyochimbwa Libby, katika jimbo la Montana nchini Marekani, ilikuwa imechanganyika na asbesto hadi machimbo yale yalipofungwa mwaka 1990.

Perlaiti ni kioo cha volkano kilichotanuliwa kwa moto vivyo hivyo, nyeupe na nyepesi kama bisi. Tofauti yake na vermikulaiti ni mahali inaposhikilia maji. Vermikulaiti huyaweka kati ya tabaka zake na kuyatoa taratibu. Perlaiti huyaweka zaidi juu ya chembe na katika nafasi baina yake, kwa hiyo hupitisha hewa vizuri zaidi, huonyesha haraka ikizidishiwa maji, kwani yatakusanyika chini ya chombo, na hukauka haraka pia. Wapo wanaochanganya nusu kwa nusu. Sioni ubaya, ila mchanganyiko huongeza kitu kimoja zaidi cha kukumbuka, nami napenda hesabu zangu ziwe chache.

Vumbi la makumbi ya nazi linahitaji maneno zaidi, kwa sababu pwani yetu ina makumbi mengi na ni rahisi kudhani kwamba kitu kisicho na bei hakina kasoro. Vumbi hilo hushika maji mara kadhaa ya uzito wake, ni laini, na mayai hukaa ndani yake bila kuyumba. Lakini fikiria lilikotoka. Unguja na Pemba, na sehemu nyingi za pwani ya bara, makumbi hufukiwa kwenye matope ya ufukweni kwa miezi ili yalainike, ndipo akina mama huyaponda kupata usumba wa kusokotea kamba. Vumbi linalobaki limelowa maji ya bahari kwa muda wote huo. Chumvi hiyo haionekani ukilikausha, wala haina harufu, lakini huyashika maji kiasi kwamba yai haliwezi kuyanywa: gramu 3 tu za chumvi ya kawaida katika lita moja ya maji huyavuta kwa nguvu ya takriban kilopaskali 250 (kilopaskali ni kipimo cha nguvu ya msukumo au mvuto), na baadaye nitaeleza kwa nini kiasi hicho ni kikubwa kwa yai. Tandiko la namna hiyo likishikwa mkononi lina unyevu mzuri kabisa, huku yai lililo juu yake likibonyea kwa kiu.

Kwa hiyo anayetaka kutumia makumbi atafute yasiyofukiwa, au aloweke vumbi katika ndoo ya maji ya mvua usiku kucha, alikamue kwa kitambaa, amwage maji, arudie. Mara nne au tano zinatosha kwa vumbi la kawaida. Ukitaka uhakika, onja maji ya mkamuo wa mwisho kwa ncha ya ulimi. Yakiwa na ladha yoyote ya chumvi, endelea. Baada ya hapo lichemshwe au lioshwe kwa maji yanayochemka ili kuua mbegu za ukungu, kisha likaushwe juani juu ya karatasi safi. Ni kazi ya siku tatu. Bei ya mfuko wa vermikulaiti ikikushtua, ilinganishe na siku hizo tatu.

Kuhusu mchanga nitakuwa mfupi. Unafaa kwa kasa kwa sababu ndiko walikozoea kutaga, ila ni mzito na hushika maji kidogo sana, gramu 40 hadi 60 kwa kila kilo moja, na zaidi ya hapo huwa tope. Mchanga wa ufukweni una chumvi. Kwa mayai mengine utumike wa mtoni uliooshwa. Udongo wa bustani una minyoo, vimelea na mayai ya nzi, nami siupendekezi hata ukipikwa. Maranda ya mbao huota ukungu. Pamba, ambayo niliwahi kuiona ikitumika, hunata kwenye ganda.

Maji yenyewe yachaguliwe kwa uangalifu uleule. Visima vingi vya pwani vina maji ya magadi au chumvi, na maji ya bomba wakati mwingine yana klorini inayonukia. Maji ya mvua yaliyokingwa safi ni mazuri, yale ya chupa ya kunywa yanafaa, na maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta yanafaa pia ikiwa kweli ni maji yaliyotoneshwa. Soma lebo kwa makini, kwa sababu kopo lililo kando yake kwenye rafu ileile huwa ni asidi, na lugha ya dukani huyaita yote mawili maji ya betri.

Mizani, si kikombe

Msimu wangu wa kwanza nilipewa mayai tisa ya nyoka wa nyumbani wa kahawia, nami nilikuwa nimeambiwa kwamba kanuni ni moja kwa moja, yaani vermikulaiti sehemu moja na maji sehemu moja. Nikachukua kikombe cha chai, nikapima vikombe vinne vya hiki na vinne vya kile. Tandiko likawa uji. Nikayamwaga maji yaliyosimama juu, nikadhani yamebaki yanayotakiwa, nikalaza mayai. Katika wiki ya kwanza yalinenepa na kung'aa, nami nikafurahi kwamba yanakua. Katika wiki ya tatu yalikuwa yamekaza kama puto, yenye matone juu ya ganda, na niliposhika moja likapasuka. Hakuna hata moja lililoanguliwa.

Kanuni niliyoambiwa ilikuwa sahihi, ila ni kanuni ya uzito. Lita moja ya vermikulaiti kavu ina uzito wa karibu gramu 100, wakati lita moja ya maji ina gramu 1,000. Aliyepima kwa kikombe ametia maji mara kumi ya kipimo. Mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja ndiyo kifaa cha kwanza kununuliwa, hata kabla ya kipimajoto cha pili.

Inafaa kueleza kwa nini kipimo hicho kina maana. Maji yaliyomo katika tandiko hayako huru; chembe huyashikilia, na kadiri yanavyopungua ndivyo zinavyoyashikilia kwa nguvu zaidi. Yai nalo lina nguvu yake ya kuyavuta. Palipo na mvutano huo, mwenye nguvu hunywa. Watafiti wa Marekani waliofuatilia mayai ya kasa wa maji baridi katika miaka ya 1980, akiwemo Gary Packard wa Colorado, walitumia vermikulaiti iliyoloweshwa kwa viwango tofauti na kuueleza mvutano huo kwa kilopaskali chini ya sifuri: tandiko la 150 chini ya sifuri ni lenye unyevu mzuri, na la 850 ni kavu ingawa mkono bado unahisi ubaridi wake. Mayai ya ganda laini kwenye tandiko lenye unyevu yalinywa maji zaidi na watoto wakatoka wakiwa wakubwa kuliko wale wa tandiko kavu. Sasa rudi kwenye zile gramu 3 za chumvi na kilopaskali zake 250: peke yake imekwisha kulitoa tandiko katika eneo zuri.

Jambo hilo pia linaeleza kwa nini kipimaunyevu cha hewa hakiwezi kuchukua nafasi ya mizani. Ndani ya chombo kilichofunikwa, hewa iliyo juu ya tandiko la kilopaskali 150 chini ya sifuri ina unyevu wa asilimia 99.9, iliyo juu ya tandiko la 1,000, ambalo litayakausha mayai ya nyoka, ina asilimia 99.3. Kifaa cha dukani hukosea kwa asilimia 2 hadi 5. Kitaandika 99 katika hali zote mbili, nawe utalala usingizi ukiamini namba hiyo.

Basi fanya hivi. Tandaza vermikulaiti juani au kwenye joko la moto mdogo mpaka ikauke kabisa, kwani hewa ya pwani huilowesha hata ndani ya mfuko, kisha iache ipoe. Pima uzito wake. Kwa mayai sita ya chatu mpira, yule chatu mdogo ambaye makazi yake huanzia Senegali na kufika hadi Uganda, mimi hutumia chombo cha sentimita 30 kwa 20 na tandiko la kina cha sentimita 5 au 6, ambalo huhitaji karibu gramu 300. Maji yawe kati ya gramu 240 na 300, yaani kuanzia sehemu 0.8 hadi moja kamili ya uzito wa vermikulaiti. Kwa vinyonga wanaotaga huanza na 0.7 au 0.8. Kwa kobe chui hushuka hadi 0.5 au 0.6, na mayai hayo huhitaji subira, maana huweza kuchukua kuanzia miezi minne hadi zaidi ya mwaka mmoja. Namba hizi ni za vermikulaiti. Usizihamishie kwenye mchanga, ambao kwa uwiano huohuo utageuka dimbwi, wala kwenye makumbi, ambayo kwa uwiano huohuo yatabaki makavu.

Mimina maji robo robo huku ukikoroga kwa mkono safi, mpaka kusiwe na kipande kikavu wala kilicholowa chapachapa. Funika chombo na kiache usiku mzima ndani ya mashine, kwa joto lilelile mayai yatakalokaa, ili maji yasambae na tandiko lipate moto. Asubuhi chukua konzi moja ukalikamue kwa nguvu zote. Likitoka tone moja au mawili, au kiganja kikilowa tu, ni sawa. Yakichuruzika, ongeza vermikulaiti kavu iliyopimwa na uandike. Kwa vumbi la makumbi, kwa kuwa ukavu wake wa mwanzo ni vigumu kuujua, kipimo hiki cha ngumi ndicho cha kutegemea, na liwe upande wa ukavu kidogo: lishikamane ukilikamua, livunjike ukiligusa kwa kidole, lisitoe tone.

Kwa chatu kuna njia nyingine ambayo baadhi ya wafugaji huipendelea, nayo ni kuyaweka mayai juu ya wavu mgumu wa plastiki ulioinuliwa sentimita chache juu ya tandiko lenye maji mengi, au juu ya maji matupu, yasiguse kitu isipokuwa hewa. Porini chatu jike hujizungusha kwenye mayai yake na kuyafunika, na mzunguko huo huzuia maji yasipotee, kwa hiyo mayai yake hayakuzoea kufukiwa. Njia hii husamehe makosa ya uwiano, ila haisamehi chombo kinachovuja hewa.

Kulaza mayai na kulinda uzito

Tengeneza vishimo kwa kidole gumba na ulaze kila yai likiwa limezama nusu, alama ya kalamu juu. Mayai ya nyoka yaliyogandana yaachwe yalivyo. Kuyatenganisha baada ya siku ya kwanza ni kuyachana. Acha nafasi ya sentimita mbili kutoka ukingoni. Mfuniko uwe na matundu mawili au manne madogo ya msumari mwembamba, si zaidi, na katika theluthi ya mwisho ufungue chombo kwa nusu dakika kila baada ya siku mbili au tatu ili hewa ibadilike.

Kisha pima chombo chote, pamoja na mfuniko, tandiko na mayai, na uandike uzito huo na tarehe kwa wino usiofutika pembeni ya chombo. Hapo umepata kitu kilicho bora kuliko kifaa chochote cha unyevu. Maji yanayoingia ndani ya yai hayatoki chomboni, kwa hiyo hayabadilishi uzito wa jumla. Kinachopungua kwenye mizani ni mvuke uliotoroka kupitia matundu. Pima kila wiki. Upungufu ukifika gramu 15 au 20 kwa chombo cha ukubwa nilioutaja, rudisha kiasi hichohicho.

Hata hivyo uzito wa jumla huficha jambo moja ambalo lazima ulijue. Mayai sita yenye gramu 80 kila moja, yakinywa asilimia 10 ya uzito wake, yamechukua gramu 48 kutoka katika tandiko, na mizani haitakwambia. Kama tandiko lilikuwa na gramu 300 za maji, zimebaki 252, na bado liko salama. Lakini kama ulibana matumizi ukatia vermikulaiti gramu 100 na maji gramu 100, gramu 48 hizo ni karibu nusu ya kisima. Ndiyo sababu nashauri tandiko liwe jingi kuliko linavyoonekana kuhitajika. Wingi wake ndio akiba, na hakuna unyunyiziaji wa baadaye unaoweza kufidia tandiko chache.

Maji ya kuongeza yawe na joto la ndani ya mashine. Yaingize kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ukifuata kingo za chombo na kufika chini, mbali na mayai. Chupa ya kupulizia iwekwe mbali. Matone juu ya ganda huziba njia ya hewa na kuita ukungu. Kama ukungu wa maji unakusanyika kwenye mfuniko na kudondoka, sababu mara nyingi si maji mengi bali mfuniko kuwa baridi kuliko tandiko: inamisha chombo kidogo ili matone yateleze hadi ukingoni, au kisogeze mbali na mlango wa mashine.

Macho nayo yafanye kazi. Yai linalobonyea katika wiki za mwanzo lina kiu, na likiongezewa maji pembeni kwa uangalifu hujaa tena katika siku mbili tatu. Mayai yote yakibonyea kwa pamoja, tatizo ni tandiko. Likibonyea moja tu, likawa la manjano na kunuka, limekufa, nalo litolewe ikiwa halijagandana na mengine. Yai lililokaza na kutoa jasho mapema limenyweshwa mno: ondoa mfuniko kwa saa chache kila siku, au hamisha mayai yote, bila kuyageuza, kwenye tandiko jipya la uwiano mdogo. Ukungu mweupe kwenye yai lililo hai hufutwa kwa kitambaa kikavu. Sisimizi ni hatari kuliko ukungu; weka miguu ya mashine ndani ya makopo yenye maji.

Kubonyea kwa mwisho si ugonjwa. Mayai ya chatu mpira yanayokaa kwenye nyuzi 31 hadi 32 huanguliwa katika siku 55 hadi 60, na katika wiki mbili za mwisho hunywea na kujikunja, hapo ndipo mgeni wa kazi hii huyamwagia maji na kuwazamisha watoto waliokwisha kukamilika. Kuanzia siku ya 45 mimi siongezi maji kabisa kwa chatu, isipokuwa mizani ikionyesha upungufu mkubwa. Mtoto atachana ganda kwa jino lake la muda, atatoa pua, kisha atakaa hivyo kwa saa 24 au zaidi akimalizia kunyonya kiini. Asivutwe.

Tandiko lililokwisha kutumika lisirudiwe kwa mayai mengine, hata likionekana safi, kwa sababu lina ute na mabaki ya maganda yanayolisha ukungu. Langu hulimwaga kwenye vitalu vya miche ya mipapai.